Mtumishi wa Miaka Hasi Mitatu

Mama Nyota Feruzi aliajiriwa mwaka 1983 kuwa mpiga chapa katika ofisi ya Kisangani ya Shirika la Mbegu, ghorofa ya kwanza, upande unaotazama mto. Alikuwa mtu wa mtaa wa Kabondo, wa zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walifika mjini na misafara ya biashara na hawakuona sababu ya kuondoka tena. Alikuja kazini kwa baiskeli ya kiume, viatu vya kisigino ndani ya mfuko, akavivaa mlangoni. Alipiga chapa kwa vidole kumi bila kutazama, na hilo peke yake lilimfanya aogopwe kidogo, kwa sababu ofisini mule wengine wote waliandika kwa kidole kimoja huku wakitoka jasho.

Kazi ya Shirika ilikuwa kupokea mbegu za mpunga na mahindi zilizopanda mto kwa boti kutoka Yangambi, kisha kuwagawia wakulima. Zaidi ya hapo ilikuwa kuandika ripoti kwamba wakulima wamegawiwa. Mkurugenzi, citoyen (yaani raia) Kasongo, alikuwa na suti tatu za abacost za rangi moja, hivi kwamba hakuna aliyejua alibadilisha lini. Jina lake la ubatizo, Hilaire, alilizika mwaka 1972 kama nchi nzima ilivyoamriwa kuacha majina ya kizungu, likabaki nyumbani, ambako mke wake alilitumia akikasirika. Mtu wa pili kwa ukubwa alikuwa citoyen Alfani, katibu wa tawi la chama. Aliajiriwa mwaka 1986 na hakuwa na kazi maalumu isipokuwa kupanga nyimbo za kuusifu uongozi kila Jumatatu saa moja na nusu, na kuandika nani hakuimba.

Kompyuta ililetwa mwishoni mwa 1987 na Mbelgiji mmoja wa misaada ya ushirikiano, Bwana Pierre. Ilikuwa imeshafanya kazi Brussels hadi ikachokwa, ndipo ikawa zawadi. Pierre alitaka kuwafundisha wafanyakazi wote, lakini aliyefika kwa wakati ni Mama Nyota tu, kwa hiyo akamfundisha yeye. Alimtengenezea pia programu ndogo ya orodha ya wafanyakazi: unaweka mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kuajiriwa, mashine inatazama kalenda yake yenyewe na kutoa umri na miaka ya utumishi. Baada ya miezi sita akaondoka, akaacha kitabu kimoja na disketi moja ya kuipangia mashine. Mkurugenzi aliifungia disketi hiyo kwenye saraka ya meza yake, maana kitu kidogo namna ile na chenye nguvu namna ile hakiachwi mikononi mwa mpiga chapa.

Mwaka 1989 mashine ikaanza kusahau. Kila asubuhi Mama Nyota alipoiwasha, ilipiga kelele mara mbili, ikaandika namba 161 kwenye kioo, ikasimama. Ilipoteza mipangilio yake yote. Ilidai kwamba leo ni tarehe mosi Januari 1980, na kwamba haina diski ndani, wakati diski ilikuwemo na ripoti zote zilikuwa humo. Ilibidi kumngoja Mkurugenzi afike, naye alifika saa nne. Kisha disketi itolewe, mashine iulizwe na ijibiwe: tarehe gani, saa ngapi, diski yako ni ya namna gani. Ndipo ilipokumbuka. Umeme ukikatika, hata kwa muda wa kupiga chafya, unaanza upya.

"Imesahau nini leo?" Mkurugenzi alizoea kuuliza akifungua saraka.

"Kila kitu, citoyen Directeur. Haijue siku, haijue mwaka, haijue kama iko na diski."

Mkurugenzi alifikiri, akatoa uamuzi kwamba tatizo ni kuizima. Kitu kikizimwa kinapoa, kikipoa kinasahau. Akaandika amri kwamba kompyuta isizimwe tena, usiku wala mchana. Umeme wa Kisangani haukusoma amri ile. Ulikatika siku hiyohiyo saa nane, na uliporudi mashine ilikuwa tena mwaka 1980.

Alfani alikuwa na maelezo yake. "Mashini ya wazungu haiwezi kusahau yenyewe," alisema mbele ya watu wote baada ya nyimbo. "Kama inasahau, kuko mutu anaisahaulisha." Kisha akamtazama Mama Nyota, ambaye ndiye pekee aliyejua kuiwasha. Akamwomba aandike kwa mkono, kurasa mbili, maisha yake tangu kuzaliwa na maoni yake juu ya chama. Mama Nyota aliandika. Kwa kuwa Alfani alisoma polepole, shauri hilo likalala wiki sita.

Ndipo akaletwa fundi kutoka Kinshasa kwa ndege. Aliitwa Hubert, ingawa kwenye barua ya safari jina hilo halikuonekana. Alikuja na mkoba wa ngozi na koti jeupe kama la daktari. Aliitazama mashine kutoka mlangoni kwa muda mrefu, akaomba bia baridi, akaitazama tena.

"Iko na virus," alisema.

"Virus inatoka wapi?" Mkurugenzi akauliza.

"Mu vumbi. Inaingia na viatu."

"Hautaifungua uone ndani?" Mama Nyota akauliza.

Hubert alimtazama kwa huruma. "Mama, mutu akiwa na homa, daktari anamupasua?"

Alikaa siku nne katika hoteli nzuri kuliko zote, akala samaki wa liboke, waliochomwa ndani ya majani, akaacha maagizo mawili: watu wavue viatu kabla ya kuingia chumba cha kompyuta, na chumba kiwekewe kiyoyozi. Kiyoyozi kilifika baada ya mwezi. Kikafungwa ofisini kwa Mkurugenzi, kwa maelezo kwamba disketi iko kule. Agizo la viatu likatekelezwa palepale. Tangu siku hiyo mlangoni kwa Mama Nyota palikuwa na safu ya viatu kama msikitini, na ndani kompyuta ikasema bado ni 1980.

Mwezi wa tano ukaja ujumbe wa redio kutoka Makao Makuu ya Shirika, Kinshasa. Walitaka orodha ya wafanyakazi wote wa Kisangani, umri na utumishi, ili wanaopita miaka sitini wapumzishwe. Orodha isafiri na ndege ya siku hiyo. Mkurugenzi, aliyezaliwa 1928, alipata kazi nyingi ghafla, akaonekana tena saa tisa, umeme uliporudi. Ndege ilikuwa saa kumi na moja. Mama Nyota alipewa disketi, akajibu swali la diski. La tarehe akalipita, kwa sababu tarishi alikuwa ameshawasha pikipiki chini. Akachapa. Mkurugenzi akasaini bila kusoma, kama alivyosaini kila kitu, na karatasi zikaenda.

Walipokaa kusoma nakala, ilikuwa kesho yake. Kila mtu alikuwa amepungua miaka tisa. Karani Berthe, mama wa watoto wanne, alikuwa na miaka kumi na minane. Mkurugenzi alikuwa na hamsini na miwili. Mama Nyota, aliyeajiriwa 1983, alikuwa na miaka hasi mitatu ya utumishi, na Alfani hasi sita.

"Tutume ingine, citoyen Directeur," alisema Mama Nyota. "Tarehe ilikuwa mubaya. Kosa ni yangu."

Mkurugenzi alikuwa bado anatazama mstari wake. Aliutazama jinsi mtu anavyotazama picha yake ya zamani. "Tungoje kwanza," alisema. "Tuone watasema nini. Kinshasa kuko watu wamesoma."

Watu waliosoma walijibu baada ya wiki tatu. Barua ya kwanza ilimpongeza citoyen Kasongo kwa kuongoza ofisi akiwa bado na nguvu, na kumtakia miaka minane mingine ya kazi. Iligongwa mihuri miwili. Mkurugenzi aliibandika ukutani, kisha akampa Mama Nyota agizo kwa sauti ya chini: kuanzia leo, swali la tarehe lisijibiwe. Mashine ichague yenyewe.

Barua ya pili ilimhusu Mama Nyota. Aliisoma amesimama, peku, katikati ya chumba.

"Baada ya kuchunguza orodha iliyotolewa na kompyuta, imeonekana kwamba citoyenne Nyota Feruzi ana miaka hasi mitatu ya utumishi. Kwa hiyo hawezi kushika nafasi yoyote kabla ya kutimiza angalau mwaka sifuri. Anaombwa kurudi nyumbani na kungoja kuajiriwa."

Juu ya Alfani na hasi sita zake barua haikusema neno. Kwenye orodha, mbele ya jina lake iliandikwa "katibu wa tawi la chama", na huko Kinshasa hakuna mtu aliyetaka kuwa wa kwanza kumuuliza katibu wa chama kwa nini hajaanza.

Mama Nyota aliipeleka barua kwa Mkurugenzi, chini ya kiyoyozi.

"Mashini njo imesema," Mkurugenzi alisema, akieneza mikono. "Mimi nitabishana na mashini?"

"Wewe mwenyewe ulisaini karatasi yangu ya kuajiriwa. Mwaka 83. Uliniuliza kama najua kupiga accent za Kifaransa."

"Nakumbuka sana. Lakini sikia, citoyenne. Nikiandika kwamba mashini ilikosea mustari yako, bataniuliza na mistari ingine. Unaona?"

Aliona. Aliona pia kwamba Mkurugenzi hana furaha, na kwamba hilo halimsaidii kitu.

"Basi naenda nyumbani."

"Hapana," akasema Mkurugenzi haraka. "Nani atapiga chapa? Nani atawasha kile kitu? Bon. Wewe uendelee kuja kazini, kimya kimya, ukingoja kuajiriwa."

Kwa hiyo Mama Nyota aliendelea kuja saa moja na nusu kila siku kufanya kazi ambayo alikuwa bado hajaipata. Mume wake, Daudi, aliyefanya kazi kwenye reli ng'ambo ya mto, Lubunga, alicheka kwa siku mbili, kisha akaona mke wake hacheki, akaacha. Mama Nyota hakulia wala hakugombana. Usingizi tu ulimpungua, na katika kukosa usingizi akaanza kuifikiria mashine yenyewe badala ya kuwafikiria watu, na hapo akili yake ikatulia.

Alianza kupima. Aliizima na kuiwasha palepale, ikiwa bado na joto: ilisahau. Basi haikuwa kupoa. Aliingia na viatu, akaingia bila viatu: ilisahau vilevile. Akakumbuka wakati wa Pierre. Mwanzoni saa ya mashine ilikuwa sawasawa. Kisha ikaanza kuchelewa dakika chache. Baada ya sikukuu ndefu ilichelewa nusu siku. Baadaye ikawa inapoteza siku nzima, na mwishowe kila kitu. Haikuugua ghafla kama mtu aliyeingiwa na virusi. Ilidhoofika pole pole. Tena, kitu kinachohesabu saa wakati kimezimwa, kinahesabu kwa nguvu ya nini?

Ijumaa jioni alipita sokoni kwa tonton Yakubu, mdogo wa baba yake, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa akitengeneza saa na redio kwenye kibanda kidogo kama kabati. Yakubu alikuwa mtu wa maneno machache aliyeudhiwa na saa yoyote isiyokwenda, hata ya mtu mwingine, hata barabarani. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuondoa lenzi jichoni.

"Ilianza kuchelewa kwanza, kisha ikasahau?"

"Ndiyo, tonton."

"Basi iko na pile ndani, na pile imekufa." Pile ndilo neno lao la betri. "Huyu wa Kinshasa alisema nini?"

"Alisema viatu."

Yakubu aliondoa lenzi ili amtazame vizuri, akaona hatanii, akairudisha.

Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mji, na Alfani aliwapeleka wafanyakazi wote kufyeka majani kandokando ya barabara. Mama Nyota hakuwa kwenye orodha, maana mtu ambaye hajaajiriwa hawezi kuitwa. Ofisi ilikuwa tupu. Ufunguo wa saraka ya Mkurugenzi ulikuwa mahali pake pa siri, chini ya chungu cha maua, ambapo ofisi nzima ilipajua. Alichukua disketi. Yakubu alipanda ngazi na mfuko wake, akaingia na viatu.

Walifungua skrubu tano nyuma ya kasha. Ndani mlikuwa na vumbi la Brussels na vumbi la Kisangani, moja juu ya lingine. Nyuma kabisa, kando, kulikuwa na kipande cha rangi ya kijivu kama kidole gumba, kimegandishwa kwenye ubavu wa kasha, kimetoa nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Mwishoni mwake palikuwa na unga mweupe kama chumvi. Yakubu alikichomoa, akagusisha nyaya kwenye balbu ndogo ya tochi. Balbu haikuwaka hata kidogo.

"Unaona," alisema. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Kwenye kile kidole iliandikwa volti 3.6. Betri za tochi alizokuwa nazo zilikuwa za volti moja na nusu kila moja. Yakubu alizipanga mezani, akazitazama. Mbili zingepungua kidogo, tatu zingezidi kidogo. Akaanza na mbili, kwa sababu kilichopungua hakiunguzi. Mama Nyota akaweka disketi, akajibu maswali yote, tarehe na saa na diski. Wakazima, wakanywa chai ya chupa, wakawasha baada ya nusu saa. Namba 161.

"Tuweke tatu?" aliuliza Mama Nyota.

Yakubu alichukua kitabu cha Pierre, ambacho hakuweza kukisoma, akafungua ukurasa baada ya ukurasa akitafuta michoro. Karibu na mwisho akapata mchoro wa betri na kando yake namba 4.5. Akamwonyesha kwa kucha. Tatu.

Mwanzi alikuja nao. Aliukata kipimo cha betri tatu, akaziteremsha ndani kwa mstari, akaziba ncha mbili kwa misumari na vipande vya kopo, akaunga nyaya, nyekundu mahali pa nyekundu na nyeusi mahali pa nyeusi, akaangalia mara tatu. Mwanzi haukuenea ndani ya kasha, kwa hiyo ukaning'inia nyuma kwa kamba. Wakapanga tena, wakazima, wakangoja saa nzima. Walipowasha, mashine haikupiga kelele. Ilionyesha saa sita na dakika kumi na moja, tarehe 17 Juni 1989. Yakubu alilinganisha na saa ya mkononi mwake. Dakika zilikuwa sawa. Akakusanya vifaa vyake na kwenda kuswali adhuhuri.

Jumatatu Mama Nyota alichapa orodha mpya na kuipeleka kwa Mkurugenzi pamoja na barua ya kusahihisha ile ya kwanza. Mkurugenzi alisoma mstari wake. Sitini na mmoja.

"Nani amekuruhusu kuitengeneza?" aliuliza.

"Ilikuwa imeharibika."

"Haikuwa imeharibika. Ilikuwa inasahau. Kusahau haiko kuharibika." Akasikiliza kiyoyozi. Kisha akaanza kuongea kwa upole, kama mtu anayepatana sokoni. "Alors. Hatuwezi kuweka mwaka wa katikati? Tuseme 84."

"Mwaka 84 wewe uko na hamsini na sita."

"Njo vile. Na wewe uko na mwaka moja. Umeajiriwa. Kila mutu amefurahi."

Hapo Alfani, aliyekuwa amekuja kuomba karatasi za nyimbo, akasimama mlangoni. "Na mimi 84 niko na ngapi?"

"Hasi mbili," alisema Mama Nyota.

"Hasi mbili haiwezi," alisema Alfani. Barua ya Mama Nyota ilikuwa imemtisha kuliko alivyoonyesha. "Leo wananyamaza, kesho chama kinabadilisha mutu kule juu, wanaanza kunisoma."

Wakapanda mpaka 85. Alfani alikuwa hasi moja. Wakapanda mpaka 86, akawa sifuri, naye hakupenda sifuri, alisema inaonekana kama tusi. Mkurugenzi alifuta uso. Walifika 87: Mkurugenzi hamsini na tisa, Mama Nyota utumishi miaka minne, Alfani mmoja. Zaidi ya hapo Mkurugenzi alikataa katakata, na wote watatu walijua kwa nini. Mama Nyota alitaka sita zake. Lakini mbele yake kulikuwa na nne zenye saini, na sita zisizo na saini ya mtu. Alirudi kwenye mashine, akaweka tarehe 19 Juni 1987.

Alipomwambia tonton Yakubu, mzee aliacha kukaza skrubu. "Nimekutengenezea saa," alisema, "wewe umeifundisha uongo."

"Nimepata kazi yangu, tonton."

"Minajua." Kwa wiki tatu hakuja kula kwao Ijumaa.

Makao Makuu yalipokea orodha ya 1987, hayakuuliza kwa nini mwaka umeruka saba kwa mwezi mmoja, na yakamwajiri Mama Nyota upya kwa pongezi. Na mashine, kwa kuwa sasa ilikuwa na betri, haikusahau tena. Umeme ulikatika, ukarudi, ilibaki palepale mahali ilipoambiwa, sahihi kwa dakika na mbaya kwa miaka miwili. Barua zote za ofisi zilitoka na mwaka wa 1987, na mihuri ikapigwa juu yake.

Mwezi wa kumi na mbili ikatangazwa kwamba wenye utumishi wa miaka mitano au zaidi watapandishwa daraja. Mama Nyota alikuwa na sita. Kwa mashine alikuwa na minne. Alienda kwa Mkurugenzi.

"Usijali," Mkurugenzi alisema. "Mwaka kesho."

"Mwaka kesho mashine itakuwa 88. Nitakuwa na tano."

Mkurugenzi alikohoa. "Hapana. Tarehe mosi Januari, tutaanza 87 upya. Na mwaka wenye kufuata, vilevile. Nilishafikiria hiyo."

Mama Nyota alirudi kukaa mbele ya mashine. Alipiga hesabu mara moja tu: atakuwa na miaka minne mpaka atakapokufa.

Wiki hiyohiyo ilikuwa zamu ya kubadilisha betri. Yakubu alikuja na tatu mpya, kwa sababu hasira yake ilikuwa kwa binti wa kaka yake na si kwa mashine. Walipochomoa mwanzi, mipangilio ikafutika, kama kawaida, na swali la tarehe likatokea kwenye kioo. Yakubu, kwa mazoea ya miaka thelathini, alitazama mkono wake na kusoma kwa sauti: "Saa tano kasoro dakika mbili. Tarehe 13, Desemba, 89."

Mama Nyota aliandika kama alivyosikia. Vidole vyake havikukosea, na hakuwahi kudai kwamba vilikosea. Mchana akachapa orodha ya robo mwaka. Mkurugenzi, ambaye kwa miezi miwili ya kwanza alikuwa akikagua mstari wake, alikuwa ameshaanza kuiamini mashine. Alisaini bila kusoma.

Januari barua zilikuja tatu. Mama Nyota alipandishwa daraja. Citoyen Kasongo alipumzishwa, kwa shukrani za taifa. Nafasi yake alipewa citoyen Alfani, mwenye utumishi wa miaka mitatu na sauti nzuri. Kulikuwa na karamu, nyimbo, na hotuba ambayo Alfani aliisoma kwa kidole chini ya kila neno. Siku ile Kasongo alimpa Mama Nyota mkono kama wengine, akatazama pembeni.

Alirudi ofisini mwanzoni mwa mwezi wa tatu, bila abacost, amevaa shati la kawaida ambalo lilimwonyesha kuwa mwembamba kuliko walivyodhani. Alikaa kwenye benchi la korido mpaka Mama Nyota alipotoka.

"Banasema faili yangu iko na umri tatu," alisema. "Hamsini na mbili, hamsini na tisa, sitini na moja. Zote mu mwaka moja. Banataka karatasi yenye kusema ile ya kweli. Bila ile, pesa ya mapumziko haianze."

Mama Nyota alikuwa amezoea kumwita citoyen Directeur. Jina hilo sasa lilikuwa la mtu mwingine. "Ingia, papa," alimwambia, kama binti anavyomwita baba.

Alimchapia karatasi pale pale: mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kuajiriwa, umri. Mzee aliishika kwa mikono miwili, akaisoma pole pole mpaka chini.

"Hii tarehe iko ya leo?"

"Ya leo."

Aliitikia kwa kichwa. Ilibaki muhuri. Muhuri ulikuwa ndani ya saraka ya Mkurugenzi Alfani, ambaye alikuwa amebadilisha kitasa, na ambaye alikuwa kwenye semina ya chama tangu juzi.

"Urudi lundi, papa," alisema Mama Nyota, yaani Jumatatu.

"Lundi gani?"

"Yenye kuja. Tarehe tano."

Kasongo aliitia karatasi ndani ya bahasha, akashuka ngazi akishikilia ukuta. Mama Nyota alimsikia akisimama katikati kupumua. Kisha akarudi ndani, kwa sababu utepe wa mashine ya kuchapia ulikuwa umeanza kufifia na kulikuwa na ripoti ya mbegu ya kumaliza kabla ya boti ya jioni.